Seva ya Muziki au Kigeuzi: Ulinganisho wa Njia Nne za Kusikiliza Faili kwa Ubora wa Juu

Mtu akishapata amplifaya nzuri na jozi ya spika zinazomridhisha, swali linalomkabili siku hizi si tena anunue mashine gani ya kuchezea CD, bali muziki wake utatoka wapi na utageuzwa na nini. Faili nyingine zimo kwenye diski, nyingine ziko kwenye huduma za intaneti, na kati ya hizo na amplifaya kuna vyombo viwili: seva, yaani kompyuta inayohifadhi muziki, kuupanga na kuutuma, na kigeuzi, ambacho madukani hujulikana kwa herufi DAC, kinachochukua namba na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka kama sauti. Kigeuzi kimoja hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana hotelini, kingine kwa bei ya gari, na seva nazo ni vivyo hivyo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji aliyekwama katikati ya bei hizo.

Msimamo wangu niutaje mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Seva haiongezi kitu kwenye muziki. Kazi yake njema ni kutouharibu, na milango ambayo uharibifu unaweza kupitia ni mitatu tu: umeme, saa na programu. Kigeuzi ndipo sauti inapozaliwa, kwa hiyo kasoro zake huenda moja kwa moja hadi masikioni, ijapokuwa vigeuzi vya leo, hata vya bei ndogo, ni vizuri kuliko wengi wetu tunavyoamini.

Vigezo kabla ya vyombo

Kigezo cha kwanza ni uzima wa namba. CD, iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 1982, hubeba sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli, kila sampuli ikiwa na biti 16, na hivyo hutiririsha kilobiti 1,411 kila sekunde. Faili ya FLAC huubana mzigo huo hadi karibu nusu au theluthi mbili bila kupoteza hata biti moja, na ikifunguliwa hutoa namba zilezile. Kuzifikisha namba hizo salama kutoka diskini hadi kwenye kigeuzi ni kazi nyepesi kwa kompyuta yoyote ya leo, tena kosa likitokea halijifichi, kwani husikika kama mkwaruzo, mlio wa ghafla au pengo la kimya. Namba iliyopotea haifanyi besi iwe nyembamba wala sauti ya mwimbaji iwe baridi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba seva fulani ina joto zaidi katika sauti ya kati, swali la kumuuliza ni hili: ikiwa namba zilizofika ni zilezile, ni nini kingine kilichofika pamoja nazo?

Kwa kawaida kilichofika ni kelele za umeme, na hicho ndicho kigezo cha pili. Kompyuta imejaa saketi zinazowashwa na kuzimwa mamilioni ya mara kwa sekunde, na waya wa USB haupeleki namba peke yake. Hupeleka pia umeme wa volti 5 na waya wa ethi unaoiunganisha kompyuta na kigeuzi, na kupitia kigeuzi, na amplifaya yako. Kelele zikisafiri kwa njia hiyo hufika kwenye upande wa analogi, ambako hakuna namba ya kuzisahihisha.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ulitokea sebuleni kwangu Mombasa. Laptopu ilikuwa imeunganishwa na kigeuzi kwa waya wa USB, chaja ikiwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye soketi ya ukuta wa pili. Kabla muziki haujaanza, spika ya kushoto ilitoa mvumo mzito wa umeme wa hezi 50, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu, ambao ulibadilika kila niliposogeza kipanya. Nilichomoa chaja, laptopu ikabaki kwenye betri, na papo hapo vyote viwili vikanyamaza. Sikubadilisha seva, kigeuzi wala waya, bali nilivunja mzunguko wa ethi uliokuwa umepita kwenye chaja, kigeuzi na amplifaya hadi kurudi ukutani. Wengi wanaosema kwamba kompyuta zina sauti mbaya wamesikia jambo hilihili kwa kiwango kidogo zaidi, wakadhani ni tabia ya faili za dijitali.

Kigezo cha tatu ni saa. Kigeuzi lazima kiitoe kila sampuli kwa wakati wake, na saa ikitetereka, umbo la wimbi nalo hupinda kidogo. Katika waya wa koaksia (wa shaba) na wa optiki (unaopitisha mwanga), ambao ni wa mfumo uliotokana na Sony na Philips, saa husafiri pamoja na muziki kutoka kwenye chanzo, hivyo utulivu wa seva una maana. Katika USB ya kisasa mambo yamegeuka: saa imo ndani ya kigeuzi chenyewe, na kigeuzi ndicho kinachoiambia kompyuta ilete namba kwa kasi gani. Nao mtetereko wenyewe unapaswa kuwa mkubwa ndipo usikike. Watafiti wa Kijapani waliochapisha kazi yao mwaka 2005 waliona kwamba hata wasikilizaji wazoefu hawakuutambua kwenye muziki mpaka ulipofika nanosekunde mia kadhaa, ilhali kigeuzi kilichotengenezwa vizuri leo huwa chini ya nanosekunde moja.

Vigezo vilivyobaki ni vya nyumbani zaidi ya maabara: urahisi wa matumizi ya kila siku, jinsi chombo kinavyostahimili umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na gharama nzima pamoja na usafiri na ushuru, maana vingi kati ya vyombo hivi huagizwa kutoka nje.

Njia ya kwanza: laptopu na kigeuzi cha USB

Kwa uzima wa namba, laptopu inatosha kabisa, lakini programu yake ndiyo mlango wa hatari. Windows ikiachwa kama ilivyo hupitisha sauti zote kwenye kichanganyio kimoja, hivyo faili ya kilohezi 44.1 inaweza kubadilishwa kuwa 48 kabla haijafika kwenye kigeuzi, na mlio wa ujumbe ukaingia katikati ya wimbo. Dawa yake ni programu ya muziki inayokubali kuishika njia ya sauti peke yake, na kitelezi cha sauti kuachwa juu kabisa. Kwenye Mac, kasi ya sampuli huchaguliwa katika mipangilio ya mfumo, na usipoichagua hubaki ilipokuwa. Simu za Android nyingi hufanya ubadilishaji kama wa Windows, isipokuwa utumie programu inayoongea na kigeuzi moja kwa moja.

Kwa kelele za umeme, hii ndiyo njia isiyotabirika kuliko zote, kwa sababu inategemea chaja, soketi na kigeuzi. Ikiendeshwa kwa betri huwa tulivu mno, ila ikiwa kwenye chaja inaweza kuwa kama ilivyokuwa sebuleni kwangu. Kigeuzi chenye kiingilio cha optiki huondoa tatizo hilo lote, kwa kuwa mwanga haubebi umeme, lakini laptopu zenye tundu la optiki zimekwisha sokoni, na kifaa cha kuigeuza USB kuwa optiki ni gharama nyingine. Kwa saa hakuna la kuhofia, maana kigeuzi kinajitawala.

Matumizi ya kila siku ndiyo yanayochosha, kwa sababu kila ukitaka muziki ni lazima uilete laptopu, uchomeke waya na ufunge kazi nyingine, na mtoto akiihitaji kwa masomo, muziki umekwisha. Umeme ukikatika, betri huendelea, ingawa amplifaya imezimika. Gharama ni ndogo kuliko kwingine kote ikiwa laptopu unayo tayari. Hata kile kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, kinachouzwa dola 9 Marekani, ni kigeuzi kamili chenye vipimo vya kuheshimika, ijapokuwa sauti yake ni ndogo kuliko volti 2 ambazo amplifaya za nyumbani huzizoea.

Njia hii humfaa anayeanza, anayesikiliza kwa vipokea sauti mezani, au anayetaka kujua kwanza masikio yake yanatambua nini kabla ya kutoa fedha nyingi.

Njia ya pili: Raspberry Pi

Kompyuta hii ndogo kama sanduku la sigara ilitoka Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kufundishia watoto, na wapenzi wa muziki wakaichukua upesi. Programu za bure kama Volumio, moOde na piCorePlayer huigeuza kuwa mashine ya muziki isiyofanya kitu kingine chochote, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: hakuna kichanganyio wala mlio wa ujumbe, na namba hufika kama zilivyo bila wewe kuhangaika na mipangilio mingi.

Kwa upande wa kelele, haina feni, hutumia umeme kidogo, na adapta yake kwa kawaida haina pini ya ethi, hivyo ule mzunguko wa ethi huwa nadra. Ikipata muziki kwa waya wa mtandao ni bora zaidi, kwa sababu matundu ya mtandao yana transfoma ndogo ndani yake ambazo tayari hutenganisha umeme wa ruta na wa mashine, mradi waya wenyewe usiwe ule wenye ganda la chuma.

Unaweza kuiunganisha na kigeuzi chochote cha USB, au ukaivika kibao cha kigeuzi kinachokaa juu yake kama kofia. Hapo kwenye kibao kuna jambo la kuangalia. Namba za muziki ziko katika koo mbili, ukoo wa 44.1 na ukoo wa 48, na kila ukoo unahitaji saa yake: kristali ya megahezi 22.5792 kwa wa kwanza, na ya 24.576 kwa wa pili. Pi yenyewe haina hata moja kati ya hizo, kwa hiyo kibao kizuri ni kile chenye zote mbili, na ukiitazama picha yake kwa makini utaviona vijisanduku viwili vya fedha vimekaa karibu na chipu. Kibao cha bei ya chini kabisa huiachia Pi ijikadirie saa. Tundu la sauti lililo kwenye baadhi ya matoleo ya Pi yenyewe usilitumie kwa muziki wa makini, maana halikuundwa kwa kazi hiyo.

Udhaifu wake kwetu ni umeme. Mfumo mzima umo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, kadi inaweza kuharibika na mashine isiwake tena. Tiba zipo: piCorePlayer hufanya kazi yake yote ndani ya kumbukumbu ya muda na haiigusi kadi baada ya kuwaka, au weka UPS ndogo (betri ya akiba), au angalau uwe na kadi ya pili iliyonakiliwa. Gharama yake, pamoja na kibao kizuri, adapta na kasha, ni dola mia moja na ushee kabla ya usafiri.

Humfaa mtu mwenye subira na asiyeogopa kusoma maelekezo jioni nzima. Asiyependa kushika bisibisi atajichosha bure, na familia yake itakosa muziki siku ambayo yeye hayupo nyumbani.

Njia ya tatu: striima yenye kigeuzi ndani

Hapa seva nyepesi na kigeuzi vimekaa katika kasha moja: unachomeka umeme, unaunganisha na amplifaya kwa nyaya mbili, na mengine yote yanafanywa kwa simu. Bluesound ya Kanada ni jina la siku nyingi katika kundi hili, na WiiM imefanya bei ishuke hadi chini ya dola 200 kwa vyombo ambavyo vipimo vyake havimwaibishi mtu.

Namba hufika salama, saa imo ndani karibu na chipu ambako ndiko inakopaswa kuwa, na waya wa USB wenye kelele haupo kabisa. Kelele ndogo za Wi-Fi na za kichakato, yaani ubongo wa mashine, zipo ndani ya kasha, na mtengenezaji makini huzizuia kwa mpangilio mzuri wa saketi. Umeme ukikatika hakuna diski ya kuharibika, na ukirudi, mashine huwaka yenyewe.

Tatizo lake ni umri. Kigeuzi kizuri kinaweza kufanya kazi miaka 20 bila kuguswa, lakini programu ya striima huishi kwa kadiri kampuni inavyopenda kuisasisha, na siku huduma ya intaneti ikibadilisha milango yake, chombo kisichosasishwa hubaki kigeuzi kitupu. Kwa sababu hiyo, ukichagua njia hii hakikisha chombo kina tundu la kutolea namba na la kupokelea namba, ili sehemu moja ikizeeka nyingine iendelee kutumika.

Huwafaa watu wengi wenye sebule ya pamoja, na ndiyo niliyomwekea mama, ambaye humchagua Bi Kidude kwenye simu yake bila kuniita.

Njia ya nne: seva maalumu na kigeuzi cha pembeni

Huku ndiko kwenye majina kama Innuos ya Ureno, Aurender ya Korea Kusini na Melco ya Japani, na bei zinazoanzia dola elfu moja au mbili hadi kupita elfu ishirini. Unacholipia ni nini hasa? Ni kasha zito lisilo na feni, ambalo mabati yake ndiyo yanayopoza vichakato. Ni transfoma na saketi za umeme zilizotenganishwa, ili diski isishiriki umeme na tundu la USB. Ni saa iliyochaguliwa kwa makini. Na ni programu ya kupanga maktaba. Aurender huhamishia wimbo kwenye diski isiyo na sehemu inayozunguka kabla ya kuucheza, ili diski kubwa ilale. Baadhi ya mashine za Innuos zina mlango wa CD: unaingiza diski, mashine inainakili, inatafuta picha ya jalada na kuipanga mahali pake.

Je, inasikika tofauti? Jibu la haki ni kwamba inategemea kile kinachoifuata. Kigeuzi kisichojikinga na kelele za USB, au kinacholishwa kwa koaksia na kutegemea saa ya chanzo, kinaweza kunufaika kwa namna inayopimika. Kigeuzi kilichotenganishwa vizuri ndani hakijali kama namba zimetoka kwenye seva ya dola elfu kumi au kwenye Pi, na wengi waliokaa kwenye majaribio ya kusikiliza bila kuona wamejikuta wakibahatisha. Ukitaka kujua chako ni cha kundi lipi, ongeza sauti ya amplifaya kuliko unavyosikiliza kawaida, simamisha muziki, usogeze sikio hadi kwenye spika, kisha chomoa na uchomeke waya wa USB. Kimya kikibaki kilekile, mlango wa kelele tayari umefungwa. Kumbuka tu kurudisha sauti chini kabla ya kucheza wimbo.

Kwa upande wa matumizi, hata hivyo, njia hii haina mpinzani kwa mwenye maktaba kubwa. Mtu aliyerithi CD na kanda elfu mbili, akataka zote zipatikane kwa jina la mwimbaji, la bendi na la mwaka, atathamini programu nzuri kila siku ya maisha yake. Roon, iliyotoka mwaka 2015 na kununuliwa na kampuni ya Harman mwaka 2023, hufanya kazi hiyo kwa ustadi kwa ada ya mwezi au ya mara moja, na haihitaji seva ya kifahari; kompyuta ya kawaida iliyofichwa kwenye chumba kingine inatosha. Ila muziki wetu haujaandikwa vizuri katika kumbukumbu za programu hizi. Nyimbo za taarabu na za bendi za Kikongo huja na majina yaliyokosewa, kikundi kimoja kikigawanywa katika vitatu kwa tofauti ya herufi, na kazi ya kusahihisha utaifanya mwenyewe, jioni moja baada ya nyingine, hata ulipe kiasi gani.

Kwa umeme wetu, chombo cha namna hii kisikae bila UPS na kinga ya volteji. Waliokaa pwani wajue pia kwamba hewa ya chumvi hula matundu na ncha za nyaya. Zifute mara kwa mara, na usiiweke seva dirishani.

Sasa kigeuzi chenyewe

Vigeuzi vya leo viko katika makundi matatu makubwa. La kwanza ni la chipu za delta-sigma, zinazolijenga wimbi kwa mipigo ya haraka sana ya biti chache, za ESS, AKM, Cirrus Logic na wenzao, na humo ndimo vigeuzi vingi vilimo, kuanzia simu hadi vyombo vya studio. Vipimo vyake ni vya juu mno, kelele zikiwa desibeli 120 chini ya muziki katika vyombo vizuri, wakati CD yenyewe ina nafasi ya takriban 96 tu. Moto ulipoteketeza kiwanda cha AKM mjini Nobeoka, Japani, mwezi Oktoba 2020, watengenezaji wengi walilazimika kuviunda upya vyombo vyao kwa chipu nyingine. Ndipo ilipodhihirika kwamba saketi iliyoizunguka chipu, yaani umeme wake, kichujio chake cha kuondoa masafa yasiyotakiwa na hatua ya kutolea sauti, ina uzito kuliko jina lililoandikwa juu ya chipu.

La pili ni la ngazi ya resista, ambamo kila biti ina resista zake, na jumla ya mikondo yao ndiyo sauti. Watengenezaji kama Holo Audio, Denafrips na MSB wamelirudishia heshima. Ugumu wake ni wa hesabu tupu: ili biti 16 ziwe sahihi, resista ya biti kubwa kuliko zote haipaswi kukosea zaidi ya sehemu moja kati ya 65,536, na joto likipanda, thamani nayo husogea. Ndiyo maana vigeuzi vizuri vya aina hii ni vizito na ghali. Vingi vina hali ya kucheza bila kuongeza sampuli, na hapo sauti hubadilika kwa sababu inayojulikana: katika faili za CD, masafa ya kilohezi 20 hushuka kwa karibu desibeli 3. Kwa wengine huo ndio ulaini wanaoutafuta, hasa kwenye rekodi zenye makali ya fidla na ya tarumbeta, na hakuna ubaya kuupenda maadamu unajua umetoka wapi.

La tatu ni la wanaoandika kichujio chao wenyewe ndani ya chipu inayopangwa upya. Chord Electronics ya Uingereza ndiyo mfano wake mkuu, na chombo chake kiitwacho Dave hutumia kichujio chenye hatua za hesabu 164,000 pale ambapo chipu ya kawaida hutumia mamia tu.

Nimewahi kukaa na rafiki kati ya kigeuzi cha chipu na cha ngazi, sote tukakubaliana kwamba cha ngazi kina uhai zaidi. Kisha tukacheza mlio mmoja wa hezi 60 na kupima kwa mita kwenye matundu ya spika: cha kwanza kilitoa volti 2.00, cha pili 2.24. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli moja, na sikio huisikia desibeli moja kama uhai, wala si kama ongezeko la sauti. Tuliposawazisha viwango vya sauti zao na kuficha nyaya kwa kitambaa, rafiki alichagua kimoja mara nne na kingine mara tano. Tangu siku hiyo siamini tathmini yoyote ya vigeuzi, hata yangu, iliyofanywa bila mita.

Kuhusu faili zenye sampuli nyingi kuliko CD, utafiti wa wataalamu wa sauti Meyer na Moran wa mwaka 2007 haukupata watu wanaozitofautisha, na uchambuzi wa mtafiti Joshua Reiss wa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti nyingi, ulipata tofauti ndogo sana, majibu sahihi yakiwa kama asilimia 52. Rekodi za Siti binti Saad za Bombay mwaka 1928, au za bendi zilizotufikia kwa kaseti, zina kelele nyingi kuliko kigeuzi chochote ulichowahi kukigusa, na kilichomo ndani yake chote kinaenea kwenye kilohezi 44.1 na nafasi ikabaki. Usilipie nembo ya mfumo mpya wa faili pia: MQA ilitangazwa mwaka 2014 kwa sifa kubwa, na kufikia Aprili 2023 kampuni yake ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi wa kufilisika.

Kuchagua kwa hali yako

Ukisikia mvumo au mlio wa mbu muziki ukiwa umesimama, usinunue kigeuzi kipya kwanza. Jaribu laptopu kwenye betri, weka vyombo vyote kwenye soketi moja ya ugani, au hamia kwenye optiki. Ukiwa na simu tu na kiasi kidogo cha fedha, kigeuzi kidogo cha USB kwenye simu kinakupa sauti safi isiyo na ethi kabisa.

Ukiwa na familia inayotaka muziki bila maelezo, chukua striima. Ukiwa fundi wa moyo, au ukitaka kumwelewa kila mdudu aliyemo kwenye mfumo wako, chukua Pi yenye kibao cha kristali mbili. Ukiwa na maktaba ya maelfu na fedha si tatizo, seva maalumu itakustahi na kukupunguzia kazi, ila inunue kwa ajili ya programu yake, ukimya wake na uimara wake, na uombe kuisikiliza kwako, kwa kigeuzi chako, kabla ya kulipa.

Anayependa sauti iliyolainishwa kidogo asiache kusikiliza kigeuzi cha ngazi. Anayetaka rekodi itoke kama studio ilivyoiacha atatosheka na chipu nzuri ya delta-sigma kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na kitakachobaki akipeleke kwenye spika au kwenye chumba. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha mapana, na mwangwi wa chumba kama hicho huzidi tofauti za vigeuzi vyote viwili vikiwekwa pamoja. Piga kofi moja ukiwa umesimama mahali unapokaa kusikiliza: ukisikia mlio ukiruka ukutani baada ya kofi kwisha, zulia nene mbele ya spika na pazia zito nyuma ya kiti ndivyo vya kununua mwezi huu, na kigeuzi kingoje.